Maji Laini na Maji Magumu: Yapi Tunywe Nyumbani?



Kwa muda wa wiki kadhaa tumekuwa tukiulizwa na kina mama suala lile lile kwa maneno tofauti. Mmoja alitusimamisha mlangoni baada ya darsa, mwengine alituma ujumbe usiku, na wa tatu alitukuta sokoni tukichagua samaki. Wote wataka kujua: zile mashine za kulainisha maji zinazofungwa siku hizi majumbani, maji yake yafaa kunywa? Na maji ya kisima yasiyopita katika mashine, yale yanayoacha ganda jeupe ndani ya birika, je, hayadhuru figo?

Tumechelewa kujibu kwa sababu jambo hili limetufika sisi wenyewe, na hatukutaka kuandika na huku kifua kimejaa.

Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Mombasa, haitegemei bomba peke yake. Maji ya mfereji huja siku zake na hukatika siku zake, kwa hivyo tangi letu hujazwa kutoka kisimani. Kisima chetu kimechimbwa katika jiwe la matumbawe, na maji yake tumeyazoea tangu tulipohamia: sabuni haitoi povu mpaka uisugue kwa nguvu, kanzu nyeupe hugeuka rangi ya majivu baada ya kufuliwa mara chache, na hita ya bafuni imekwisha kuharibika mara mbili kwa kujaa chokaa. Fundi aliyekuja kuitengeneza mara ya pili akatushauri tufunge mashine ya kulainisha maji. Tukajikamua, tukafunga. Siku ya kwanza watoto walicheza na povu kama kwamba ni sikukuu, na sisi tukaona fedha zetu hazikupotea. Tukamuuliza fundi kama yale maji yanafaa kunywa. Akatujibu kwamba sasa yamekuwa safi kabisa, yanamfaa hata mtoto mchanga.

Mama yetu mzazi, aliyekwisha kupita miaka 70, anaishi nasi. Ana maradhi ya presha ya muda mrefu, na mchuzi wake hupikwa katika sufuria yake mbali, bila ya chumvi. Tulimchemshia maji ya mashine, tukampikia chai na uji kwa maji hayo. Baada ya miezi mitatu tulipompeleka kliniki, presha ilikuwa juu kuliko ilivyokuwa kwa mwaka mzima. Nesi alipouliza kuhusu chumvi, tuliapa kwamba hailambi. Tulipokuwa tukirejea nyumbani, binti yetu aliye kidato cha tatu akauliza kwa upole: "Mama, lile gunia la chumvi tunalomimina kwenye mashine kila mwezi, chumvi yake huenda wapi?"

Hatukuwa na jibu. Na tukubali hapa hapa kwamba lilikuwa suala ambalo sisi watu wazima tulipaswa kuliuliza kabla ya kutoa fedha.

Tuanze na ardhi tunayoikalia. Kisiwa cha Mombasa, na sehemu kubwa ya ukanda wetu wa pwani, kimekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale. Jiwe hilo ni chokaa. Wazee wetu walilichoma katika tanuri kwa magogo, wakapata chokaa ya kujengea misikiti na majumba ya Lamu na ya Mji wa Kale. Mvua inaponyesha, maji huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na kutoka udongoni, yakawa na ukali mdogo usioonjeka; ukali huo ndio unaoyeyusha jiwe kidogo kidogo maji yanapopenya kuelekea kisimani. Yale yanayoyeyuka ni madini ya kalsiamu na magnesiamu, na maji yenye wingi wa madini hayo ndiyo yanayoitwa maji magumu. Unapoyachemsha, sehemu ya chokaa ile hurudi kuwa jiwe na kuganda ndani ya birika. Kwa hivyo lile ganda tunalolichukia ni ndugu wa ukuta wa nyumba ya nyanya zetu.

Maji ya mvua, kwa upande mwengine, hayajapita katika jiwe, nayo ni laini kwa maumbile yake. Waliojenga majabia ya kukusanya maji ya mvua walilijua hilo vizuri, ndipo kina bibi wakayapenda kwa kuoshea nywele.

Sasa hapa pana mkanganyiko wa lugha ambao umetuponza wengi. Sisi watu wa pwani tuna jina moja la maji yote yanayotukera: twasema "maji ya chumvi". Lakini chini ya jina hilo mna mambo mawili. Kuna maji yaliyojaa chokaa, ambayo ni magumu lakini hayana chumvi ya kula. Na kuna maji ya visima vilivyo karibu na bahari, au vinavyopampwa mno hadi maji ya bahari yakajipenyeza chini kwa chini. Haya yana chumvi halisi, sawa na ile ya jikoni. Visima vingi vyetu vina yote mawili kwa pamoja. Mashine ya kulainisha huondoa chokaa tu. Chumvi ya bahari huiacha pale pale ilipoikuta, kisha huongeza sodiamu nyengine juu yake.

Huongeza vipi? Ndani ya mashine mna tangi lililojaa shanga ndogo ndogo mfano wa mbegu za ufuta. Shanga hizo zimeshikilia sodiamu. Maji magumu yanapopita kati yake, shanga huivuta kalsiamu na magnesiamu na badala yake huiachia sodiamu iende na maji. Ni biashara ya kubadilishana: kila chembe moja ya kalsiamu inayobaki nyuma, chembe mbili za sodiamu huingia katika maji yako. Shanga zikishachoka, mashine huzisafisha kwa maji ya chumvi kali kutoka katika lile gunia, nayo maji hayo ya kusafishia humwagika katika mtaro. Kwa hivyo jibu la suala la binti yetu ni kwamba sehemu kubwa ya ile chumvi huenda mtaroni, lakini sodiamu iliyonaswa na shanga huja jikoni. Na kwa kuwa haikuja pamoja na mwenzake wa kawaida katika chumvi, yaani kloridi, ulimi hauitambui vizuri kuwa ni chumvi. Tuliyaonja maji yale kila siku na hatukuhisi kitu.

Ni kiasi gani? Hesabu hii twaiandika kwa sababu yaweza kutisha au kutuliza, kutegemea ni nani anayeisoma. Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za chokaa katika lita moja. Maji yaliyo chini ya 60 huhesabiwa kuwa laini, na yanayozidi 180 huhesabiwa kuwa magumu sana. Kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa, mashine huingiza takriban miligramu 46 za sodiamu. Tuchukue mfano wa maji yenye ugumu wa 400, jambo ambalo si geni katika nchi ya matumbawe: kila lita itaongezewa miligramu 184. Anayekunywa lita mbili kwa siku atakuwa amepata karibu miligramu 370. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai. Basi maji peke yake yatakuwa yamechukua karibu moja katika tano ya kiwango hicho.

Kwa mtu mzima mwenye afya, si mengi. Mkate wa asubuhi, vile vidonge vya kutia ladha mchuzi, achari na bajia humtia chumvi zaidi ya hiyo, na sisi si wa kumtisha mtu bure. Lakini yuko mgonjwa wa presha, wa moyo au wa figo, ambaye daktari amemwambia ahesabu kila chembe. Huyo akinywa maji haya, akanywea chai, akapikiwa uji na wali kwayo, na maji yakapungua motoni na sodiamu ikabaki, atakuwa anakula chumvi kwa mlango wa nyuma na huku familia yake inaapa kwamba hailambi. Na ikiwa kisima chenyewe kilikuwa na chumvi ya bahari tangu mwanzo, hesabu huwa nzito zaidi. Sisi tulipopeleka maji yetu maabara tulionyeshwa kwamba ni magumu sana, na kwamba sodiamu yake ilikuwa nyingi hata kabla ya kufika kwenye mashine.

Daktari wa mama, kwa uadilifu wake, hakusema kwamba maji ndiyo yaliyopandisha presha. Alipouliza vizuri iligundulika kwamba mama alikuwa akiruka vidonge siku za wageni. Alichosema ni kwamba mgonjwa wa aina hii hana nafasi ya kuongezewa sodiamu kutoka popote, na kwamba maji ndicho kitu ambacho mtu hanywi siku moja akaacha.

Mwengine wa kuangaliwa ni mtoto mchanga. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji yoyote, na hilo kina mama wengi wamekwisha kulifahamu. Lakini yuko mtoto ambaye kwa sababu moja au nyengine anapewa maziwa ya kopo. Figo zake bado changa, haziwezi kutoa sodiamu nyingi kama za mtu mzima, na maziwa yenyewe tayari yana sodiamu iliyopimwa. Maji ya mashine ya kulainisha hayafai kukorogea maziwa yake. Uingereza, ambako mashine hizi zimetumika kwa miaka mingi, ushauri ni kwamba bomba moja la jikoni liachwe bila ya kupitishwa katika mashine, kwa ajili ya kunywa na kwa ajili ya watoto. Na sheria ya huko inataka sodiamu katika maji ya kunywa isizidi miligramu 200 kwa lita. Fundi wetu hakutuambia hilo. Pengine naye hakuambiwa.

Je, maji magumu yenyewe hayana madhara? Hapa twataka kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo hofu iliyowafanya wengi kununua mashine. Wengi wetu tumekulia tukiambiwa kwamba chokaa ya birika ndiyo hiyo hiyo inayojenga mawe katika figo. Yaingia akilini, lakini mwili si birika. Utafiti haukuthibitisha kwamba maji magumu huleta mawe ya figo. Kalsiamu inayopita tumboni hushikamana na oksaleti ya chakula na kuizuia isiingie katika damu, na oksaleti ndiyo mshirika mkubwa katika kufanya mawe. Linalojulikana zaidi kuleta mawe ni kunywa maji machache katika joto letu hili, pamoja na kula chumvi nyingi, kwani sodiamu ikizidi hulazimisha kalsiamu itoke kwa wingi kupitia mkojo. Mtu aweza kukimbia maji magumu kwa kuogopa mawe, akaingia katika maji ya sodiamu yanayoyasaidia mawe hayo hayo.

Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za afya. Tangu mwaka 1957, mtafiti wa Kijapani Jun Kobayashi alipolinganisha maji ya mito na vifo vya kiharusi nchini kwao, tafiti nyingi zimeashiria kwamba penye maji magumu vifo vya maradhi ya moyo huwa pungufu kidogo, na wengi huitazama magnesiamu kama sababu. Si jambo lililothibitishwa, na hatumshauri mtu anywe maji magumu kama dawa. Twasema tu kwamba si sumu. Waliorejea kutoka Hija na mitungi yao wanajua uzito wa ladha ya Zamzam. Maji yale yana kalsiamu na magnesiamu kuliko maji mengi ya mfereji.

Kuhusu ngozi na nywele, ni kweli kwamba sabuni ikikutana na chokaa hufanya utando unaong'ang'ania mwilini, na wako watoto wenye pumu ya ngozi ambao mama zao huona nafuu wakibadilisha maji. Lakini Uingereza walifanya majaribio kwa watoto 336 wenye maradhi hayo, matokeo yakachapishwa mwaka 2011, na mashine za kulainisha hazikuwaletea nafuu zaidi ya matibabu ya kawaida. Dada anayefikiria kununua mashine kwa ajili ya ukurutu wa mtoto peke yake, tungemwomba kwanza anunue mafuta mazuri ya kumpaka.

Na jikoni? Chai ya maji magumu hufanya utando juu ya kikombe, hilo halina ubishi. Kunde na maharagwe huchelewa kuiva kwa sababu kalsiamu huyakaza maganda yake. Sisi huroweka usiku kucha na kupikia maji ya mvua yakiwapo.

Linalotutia hofu kuliko ugumu na ulaini ni kwamba mtu akishaona povu zuri hudhani maji yamesafika. Mashine ya kulainisha haiui kijidudu hata kimoja. Jiwe letu la matumbawe lina nyufa na mapango, na katika mitaa iliyosongamana shimo la choo la jirani haliko mbali na kisima cha jirani mwengine. Machafu husafiri humo kwa wepesi. Kipindupindu hakiulizi kama maji ni laini. Maji ya kunywa ni lazima yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha yafunikwe. Kuchemsha kwapunguza pia sehemu ya chokaa, lakini chumvi hakuiondoi.

Tusiichanganye mashine hii na ile inayotumiwa na wauzaji wa maji ya kuchujwa mitaani, ambayo husukuma maji kwa nguvu katika utando wenye vitundu vidogo mno. Hiyo huondoa chokaa na chumvi pia, na kwa kisima chenye chumvi ya bahari ndiyo njia ya kweli. Huondoa na madini yenye faida, lakini anayekula dagaa, maziwa, mboga za majani na ufuta hatayakosa. Jambo la kuangalia ni usafi wa mtungi unaotiliwa maji hayo, maana mara nyingi maji hutoka safi yakaharibikia mtungini.

Kwa wale wenye mashine tayari, hakuna haja ya kuing'oa. Yetu ipo, na yatufaa sana kwa kufulia, kuogea na kuokoa hita. Tulichofanya ni kumwita fundi mwengine akatoa bomba moja la jikoni kabla ya maji kufika kwenye mashine. Kazi ya asubuhi moja. Lakini kwa kuwa kisima chetu kina sodiamu yake, maji ya kunywa ya mama twayachukua ya mfereji siku yanapokuja, tukayaweka katika ndoo zilizofunikwa na kuyachemsha, na yakikatika twanunua ya kuchujwa. Ambaye hajui maji yake ni ya aina gani na ayapeleke maabara, aulize mambo matatu: ugumu, sodiamu na vijidudu. Na ambaye ataambiwa na muuzaji kwamba atumie chumvi ya potasiamu badala ya hii ya kawaida, asikubali kabla ya kumuuliza daktari ikiwa nyumbani pana mgonjwa wa figo au anayekunywa dawa za presha, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huzuia potasiamu kutoka mwilini na ikizidi huuathiri moyo.

Wako waliouliza kuhusu udhu. Maji ya bahari yenyewe, kwa chumvi yake yote, yanatwaharisha. Haya ya mashine hayana wasiwasi.

Limebaki birika. Ganda la chokaa halihitaji kukwaruzwa kwa kisu, kwani kisu huacha mikwaruzo ambayo ganda jipya hujishikiza kwayo. Tia siki nyeupe kikombe kimoja na maji vikombe viwili, au kamua ndimu nne au tano, chemsha, kisha uache mpaka asubuhi. Litatoka lenyewe vipande vipande. Suuza mara mbili, chemsha maji matupu mara moja uyamwage, ndipo utie ya chai.